Kiungo kinakataa: kusaka kosa kwenye alama maalumu na maumbo ya herufi

Ukurasa upo, lakini seva inajibu 404 (haujapatikana). Kiungo kinafunguka kwa mwenzako, kwako kinarudisha 400 (ombi baya). Mara nyingi anwani imegeuzwa njiani: programu moja imeisimba (imegeuza herufi zake kuwa alama za asilimia), nyingine imeisimbua, ya tatu imeisimba tena bila kujua kwamba kazi hiyo ilishafanyika. Ili kupata kosa unahitaji kujua mambo mawili tu: ni baiti gani zilizofika kwenye seva, na ni nani wa mwisho kuzigusa.

Kanuni za msingi ziko kwenye RFC 3986, waraka wa kiwango cha anwani za mtandao, wa Januari 2005. Herufi A hadi Z, kubwa na ndogo, tarakimu, kistari, nukta, mstari wa chini na kiwimbi (`~`) ziko huru, haziguswi. Alama `: / ? # [ ] @` hutenganisha sehemu za anwani, na `! $ & ' ( ) * + , ; =` hutenganisha vilivyomo ndani ya sehemu hizo. Kilichobaki chote hugeuzwa kuwa baiti za UTF-8, na kila baiti huandikwa kwa alama ya asilimia na tarakimu mbili za heksadesimali. Vivinjari, hata hivyo, vinafuata kiwango cha URL cha WHATWG (kundi la watengenezaji wa vivinjari), ambacho kinasamehe mambo ambayo RFC haisamehi. Pengo kati ya viwango hivi viwili litajitokeza mara kwa mara hapa chini.

Kabla ya yote, ziangalie baiti

Usiuamini upau wa anwani. Kivinjari hupenda kuonyesha anwani iliyosimbuliwa ili isomeke, na kwa hiyo kinakuficha kile kile unachokitafuta. Nakili anwani kutoka kwenye kidirisha cha mtandao cha zana za wasanidi, au isome kwenye kumbukumbu za seva. Kwenye seva ya Nginx soma `$request_uri`, ambayo ni anwani kama ilivyofika. `$uri` imeshasimbuliwa na kunyooshwa, kwa hiyo ushahidi umepotea.

Kwa neno lililonakiliwa kutoka mahali fulani, terminali inatosha:

`printf '%s' "café" | xxd`

Ukijaribu kwa `curl`, zungushia anwani alama za kunukuu, la sivyo `&` itaikata amri na kuipeleka nyuma ya pazia. Mabano ya mraba na ya mawimbi yana maana yake kwa `curl` yenyewe. Ukipata kosa namba 3 linalolalamikia masafa mabaya, ongeza `-g`. Ukitaka `..` ifike kwenye seva bila kufutwa, ongeza `--path-as-is`.

Neno lenye ritifaa linafunguka kwa mmoja na kukataa kwa mwingine

Anayeandika Kiswahili hawezi kulikwepa hili, maana *ng'ombe*, *ng'ambo* na *ng'aa* zote zina ritifaa. Kwa macho ritifaa ni moja. Kwa kompyuta ziko angalau nne:

`'` U+0027, husimbwa `%27`
`‘` U+2018, husimbwa `%E2%80%98`
`’` U+2019, husimbwa `%E2%80%99`
`ʼ` U+02BC, husimbwa `%CA%BC`

Kibodi ya kawaida hutoa ya kwanza. Programu za kuandikia nyaraka na baadhi ya simu huibadilisha kimyakimya kuwa ya tatu ili maandishi yapendeze. Mhariri akibandika kichwa cha habari kutoka kwenye waraka, ukurasa unahifadhiwa kwa `%E2%80%99`. Msomaji akiandika mwenyewe, anatuma `'`. Seva inalinganisha baiti, haioni kufanana.

Wengi hapa hukimbilia kusawazisha kwa Unicode wakitumaini kwamba NFC au NFKC, maumbo sanifu ya Unicode, itaziunganisha. Haitaziunganisha. Hakuna umbo hata moja kati ya manne ya Unicode linaloigeuza U+2019 kuwa U+0027, kwa sababu Unicode inazihesabu kuwa herufi tofauti kabisa. Ramani hiyo unaiandika mwenyewe: U+2018, U+2019 na U+02BC zote ziende kwenye U+0027, na ifanyike wakati wa kuhifadhi na wakati wa kupokea ombi.

Hata ukibaki na ritifaa iliyonyooka peke yake, bado ina sura mbili. Ipo kwenye orodha ya alama zenye kazi, kwa hiyo RFC haitoi ruhusa ya jumla ya kuihesabu `'` sawa na `%27`. Zana nazo hazikubaliani. `encodeURIComponent` ya JavaScript inaiacha ilivyo. `quote` ya Python na `rawurlencode` ya PHP zinaigeuza kuwa `%27`. Kivinjari chenyewe kinaiacha kwenye njia, yaani sehemu inayofuata kikoa, lakini kinaisimba kwenye hoja, yaani baada ya alama ya kuuliza, kwa anwani za http na https. Matokeo yake ukurasa mmoja unakaa mara mbili kwenye kache, na ukifuta nakala moja nyingine inaendelea kutolewa, ya zamani.

Kwa anwani za kurasa, ushauri wangu ni kuitoa kabisa: `/ngombe`, si `/ng'ombe` wala `/ng-ombe`. Ndiyo, *ng* na *ng'* ni sauti mbili tofauti, na mwalimu wa lugha atanuna. Lakini kichwa cha ukurasa kinabeba tahajia sahihi, anwani ni lebo tu. Chunguza tu kwamba programu yako ya kutengeneza lebo haiweki kistari mahali pa ritifaa. Nyingi hufanya hivyo bila kuulizwa.

Faili ipo, jina ni lile lile, jibu ni 404

Ukiona hivi kwenye jina lenye herufi iliyowekewa alama juu au chini, shuku maumbo mawili ya Unicode. Herufi `é` inaweza kuwa kitu kimoja, U+00E9, au `e` ya kawaida ikifuatiwa na alama inayopanda juu yake, U+0301. Ya kwanza ni umbo la NFC, ya pili ni NFD. Ndani ya anwani:

`caf%C3%A9`
`cafe%CC%81`

Kwenye skrini huoni tofauti. Chanzo cha kawaida ni mfumo wa faili. HFS+ ya macOS ilihifadhi majina yakiwa yamevunjwavunjwa, karibu sawa na NFD. APFS iliyokuja baadaye inalihifadhi jina kama lilivyoandikwa lakini inayatambua maumbo yote mawili kuwa faili moja. Linux, kwa mifumo yake ya kawaida kama ext4, inaona baiti tu. Faili zikibebwa kutoka HFS+ kwenda Linux, kila kitu kilichofanya kazi kwenye mashine ya msanidi kinaanguka kwenye seva. Na kivinjari hakitakusaidia, kwani hakisawazishi njia. Kinatuma umbo kama kilivyolipokea.

Thibitisha kwa `ls | xxd` ndani ya folda. Ukiona `65 cc 81` mahali ulipotarajia `c3 a9`, umeshapata. Dawa ya folda nzima:

`convmv -r -f utf8 -t utf8 --nfc folda/`

Amri hii inaonyesha tu itakachofanya. Isome orodha hiyo, kisha irudie ukiwa umeongeza `--notest` ili ibadilishe kweli. Kwa kunakili kati ya mashine, `rsync --iconv=utf-8-mac,utf-8` ikiendeshwa kutoka kwenye Mac hufanya kazi hiyo njiani.

Chagua NFC na usiiache. NFKC inavutia kwa kuwa inaunganisha vingi zaidi, ila inaharibu maana: `²` inakuwa `2`, na herufi pacha `ﬁ` inakuwa `f` na `i`. Inafaa kwenye faharasa ya utafutaji. Kwenye jina lililohifadhiwa haifai.

Upande wa seva, mpangilio wa kazi ndio wenye uzito. Gawanya njia kwenye mikwaju kwanza. Kisha simbua kila kipande mara moja, hakikisha baiti ni UTF-8 halali (kama si halali, jibu 400), kipitishe kwenye NFC na ramani ya ritifaa, halafu utafute. Ukisimbua kabla ya kugawanya, `%2F` iliyokuwa ndani ya jina inakuwa mkwaju wa kweli na njia inapata kipande ambacho hakikuwepo.

Ukitaka kumwelekeza msomaji kwenye umbo rasmi kwa 301 (jibu la kuhamisha), linganisha maandishi yaliyosimbuliwa, usilinganishe anwani ghafi. Hapa ndipo mizunguko isiyoisha inapozaliwa. Programu yako inasema umbo rasmi ni `'`, seva wakala iliyo mbele inaibadilisha kuwa `%27` kwenye kila ombi, programu inaona tofauti na kuelekeza tena, mpaka kivinjari kinakata tamaa. Na kichwa cha `Location` kiwe na ASCII pekee, yaani herufi zote nyingine zikiwa tayari zimesimbwa.

Anwani imejaa %25, au herufi zimekuwa Ã©

Haya ni magonjwa tofauti ingawa hukaa pamoja. Yasome hivi.

Ukiona `%25C3%25A9`, anwani imesimbwa mara mbili: alama ya asilimia yenyewe imegeuzwa kuwa `%25`. Nafasi inakuwa `%2520`. Ikifika `%252520` ni mara tatu, na idadi ya hizo `25` inakuambia ni tabaka ngapi zimegusa tena baada ya lile la kwanza. Mhalifu wa kawaida ni msimbo unaoipokea anwani iliyokamilika kisha kuipitisha kwenye kitendakazi cha kusimba "kwa usalama", wakati maktaba ya kutuma maombi nayo inasimba kwa upande wake.

Ukiona `%C3%83%C2%A9`, kusimba kulifanyika mara moja lakini herufi zilikuwa zimeshaoza. Baiti mbili za `é` zilisomwa kama Latin-1 (usimbaji wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi), zikawa `Ã©`, kisha zikaandikwa upya kwa UTF-8. Tafuta mahali palipofungua faili au hifadhidata bila kutaja UTF-8.

Ukiona `%E9` peke yake, aliyetuma anatumia Latin-1 au Windows-1252. Kuna mtego hapa ambao hata wazoefu huukosa. Kivinjari husimba njia kwa UTF-8 siku zote, lakini hoja huisimba kwa usimbaji wa ukurasa wenyewe. Ukurasa wa zamani uliotangazwa kuwa Windows-1252 unaweza kutoa anwani moja yenye `%C3%A9` kabla ya alama ya kuuliza na `%E9` baada yake. Herufi ambayo usimbaji huo hauna hugeuzwa kuwa rejeo la namba la HTML, kwa hiyo kuona `%26%23` ikifuatiwa na tarakimu na `%3B` ni ishara ya ugonjwa huo huo. Tangaza `<meta charset="utf-8">` ndani ya baiti 1024 za mwanzo za ukurasa, na hakikisha kichwa cha `Content-Type` hakisemi vingine.

Ukiona `%u0142` au mfano wake, mtu ametumia `escape()` ya JavaScript. Umbo hilo halimo kwenye kiwango chochote cha anwani. Badilisha kwa `encodeURIComponent`.

Dawa moja mbaya inazunguka sana: kusimbua kwa kurudiarudia hadi asilimia ziishe. Usiifanye. Maandishi halali yenye `%` yataharibika, na utakuwa umemfungulia mlango mtu anayetuma `%252e%252e%252f` akijua kwamba ukaguzi wako unafanyika baada ya tabaka la kwanza. RFC 3986 inakataza waziwazi kusimba au kusimbua maandishi yale yale zaidi ya mara moja. Ndani ya programu beba thamani ghafi. Isimbe pale pale inapounganishwa na anwani, na pasiwe na mahali pengine.

Nafasi imekuwa alama ya kujumlisha, au kinyume chake

Namba ya simu iliyoanza na `+` inafika ikiwa na nafasi mwanzoni. Utafutaji wa `C++` unaleta matokeo ya `C`. Sababu ni kwamba kuna desturi mbili. Fomu za HTML hutumia `application/x-www-form-urlencoded`, ambamo nafasi huandikwa `+` na alama ya kujumlisha yenyewe huandikwa `%2B`. RFC 3986 haijui desturi hiyo. Kwake `+` ni `+` na nafasi ni `%20`.

Kwa hiyo kwenye njia usitumie `+` kwa nafasi kamwe. Kwenye hoja, `%20` inaeleweka na pande zote mbili, na `+` halisi iandikwe `%2B` kila mara. Jihadhari na `urlencode` ya PHP na `URLEncoder` ya Java: zote mbili ni za fomu, zinatoa `+`, na zinasimba hata kiwimbi kuwa `%7E`. Kwenye PHP tumia `rawurlencode`. Python ina `quote` na `quote_plus`, jina linajieleza.

Thamani inakatika katikati

Ikikatika kwenye `#`, kilichofuata hakikutumwa kabisa, kwa kuwa sehemu ya baada ya alama ya reli hubaki kwenye kivinjari. Kumbukumbu za seva hazitaonyesha kitu. Ikikatika kwenye `&`, kilichofuata kimekuwa kigezo kipya. Dawa ni `%23` na `%26`. Wanaotumia JavaScript huangukia hapa kwa kuchagua `encodeURI` badala ya `encodeURIComponent`: ya kwanza huacha `; , / ? : @ & = + $ #` zilivyo kwa kuwa imekusudiwa anwani nzima, ya pili ni ya thamani moja.

Kigezo kikifika kikiitwa `amp;lugha`, mtu amenakili `&amp;` kutoka kwenye chanzo cha HTML na kuiingiza kwenye anwani bila kuirudisha kuwa `&`. Tatizo la kinyume ni `&copy=1` iliyoandikwa kama maandishi ya kawaida kwenye ukurasa, ikageuka `©=1`. Ndani ya `href` kanuni za HTML za sasa hukuokoa kwa sababu `=` inafuata moja kwa moja; nje yake hazikuokoi. Andika `&amp;` kote.

Nenosiri la hifadhidata ni ndugu wa tatizo hili. Chukua anwani hii:

`postgresql://mtumiaji:p@ss/1#x@db.example/duka`

Kwa RFC, sehemu ya mwenyeji inaisha kwenye mkwaju wa kwanza, kwa hiyo programu inatafuta mashine inayoitwa `ss` na kulalamika kwamba haipo. Nenosiri liandikwe `p%40ss%2F1%23x`.

%2F kwenye njia inaleta 404 au 400

Hili si kosa la usimbaji, ni sera ya seva. Apache hujibu 404 kwa njia yenye `%2F` kwa sababu `AllowEncodedSlashes` iko `Off` kwa chaguo-msingi. Ukihitaji, weka `NoDecode`, kwani `On` itaisimbua kuwa mkwaju wa kawaida. Tomcat nayo huikataa kwa 400 mpaka uielekeze vingine.

Nginx ina mtego wake. `proxy_pass http://ndani;` isiyo na njia inapeleka anwani kama ilivyofika. Ukiongeza hata mkwaju mmoja mwishoni, `proxy_pass http://ndani/;`, Nginx inatumia anwani iliyokwisha kusimbuliwa na kusawazishwa, na `%2F` yako imekwenda. Mkwaju huo mmoja umewapotezea watu siku nzima. Kumbuka pia `merge_slashes`, ambayo imewashwa tangu mwanzo na inaunganisha `//` kuwa `/` wakati wa kulinganisha na `location`. Anwani iliyobeba anwani nyingine ndani ya njia, kama `/picha/https://...`, inapoteza mkwaju mmoja.

Ukiwa na uhuru wa kuchagua, kitambulisho chenye mkwaju kipeleke kwenye hoja. Utaokoa usanidi wa kila seva iliyo njiani.

400 papo hapo, na programu haijaandika chochote

Ombi halikufika kwenye programu. Seva imelikataa mlangoni. Tomcat hufanya hivi ikikuta `|`, `{`, `[` na wenzao wakiwa hawajasimbwa, kwa ujumbe "Invalid character found in the request target". Inayokera ni kwamba kivinjari hakina kosa kwa kanuni zake: WHATWG haikiamuru kusimba `|` wala mabano ya mraba kwenye hoja. Simba thamani zako kwa `encodeURIComponent` kabla ya kuziunganisha. `relaxedQueryChars` kwenye usanidi wa Tomcat iache iwe ya muda, kwa ajili ya wateja usioweza kuwarekebisha.

Asilimia iliyo peke yake huleta matokeo yanayotofautiana kwa lugha. Thamani `punguzo 50%` isiyosimbwa itafanya `decodeURIComponent` irushe `URIError`. `unquote` ya Python inaiacha kama ilivyo bila kelele, na baiti zisizo UTF-8 inazibadilisha kuwa U+FFFD. Kimya hicho ni hatari kuliko kelele; kwa baiti hizo, kwenye `unquote` weka `errors='strict'`.

Kiungo kilichobandikwa kinakataa, kikiandikwa kwa mkono kinafunguka

Kuna kisichoonekana ndani yake. Tafuta `%C2%A0` (nafasi isiyokatika), `%E2%80%8B` (nafasi isiyo na upana), `%C2%AD` (kistari laini), `%EF%BB%BF` (alama ya mpangilio wa baiti) na `%E2%80%8E` (alama ya mwelekeo). Kivinjari huondoa vichupo na mistari mipya popote ilipo, na nafasi za kawaida mwanzoni na mwishoni, lakini hawa watano hupita kwenye njia bila kuguswa. Kistari kirefu cha programu za nyaraka, `%E2%80%93`, nacho hujifanya kistari cha kawaida. Na angalia mwisho wa kiungo: baadhi ya programu za ujumbe huingiza kwenye kiungo nukta au mabano yaliyofuata sentensi.

Sahihi ya ombi inakataliwa, lakini kwa baadhi ya majina tu

OAuth 1.0 na AWS Signature Version 4, njia mbili za kuthibitisha maombi kwa sahihi, hutia sahihi maandishi yaliyosimbwa, kwa hiyo herufi moja ikisimbwa tofauti sahihi nzima inaanguka. Masharti ni makali: kila kisicho herufi huru kisimbwe, nafasi iwe `%20`, na heksadesimali iwe kwa herufi kubwa. `encodeURIComponent` huacha `! ' ( ) *`, na ndiyo maana faili `ripoti.pdf` inapita na `ripoti (1).pdf` inakataliwa. Ongeza:

`encodeURIComponent(s).replace(/[!'()*]/g, c => '%' + c.charCodeAt(0).toString(16).toUpperCase())`

Kwa AWS kuna jambo moja zaidi: huduma nyingi zinataka njia isimbwe mara mbili ndani ya maandishi yanayotiwa sahihi, isipokuwa S3 (hifadhi ya faili ya AWS) inayotaka mara moja. Ukihamisha msimbo kutoka huduma moja kwenda nyingine, anzia hapo.

Jina la kikoa

Asilimia hazina kazi hapa; jina la kikoa lina njia yake, Punycode ya RFC 3492. `bücher` inakuwa `xn--bcher-kva`. Kila kipande kisizidi baiti 63 kikiwa katika umbo hilo.

Kikoa kimoja kikielekea mahali pawili, angalia toleo la kanuni. IDNA (kanuni za vikoa vyenye herufi zisizo ASCII) ya 2003 iliigeuza `straße` kuwa `strasse`. IDNA2008 inaihifadhi `ß` na kutoa `xn--strae-oqa`. Kodeki ya `idna` iliyojengwa ndani ya Python ni ya 2003, ilhali kifurushi cha nje chenye jina hilo hilo kinafuata 2008. Mradi mmoja ukitumia zote mbili, utahangaika.

Na herufi zinazofanana si herufi moja. `а` ya Kisirili ni U+0430, `a` ya Kilatini ni U+0061. Mwaka 2017 ilionyeshwa hadharani jinsi `xn--80ak6aa92e.com` ilivyosomeka kama apple.com kwenye baadhi ya vivinjari. Kwenye kumbukumbu na kwenye ukaguzi wa usalama, andika umbo la `xn--`.

Ukurasa mmoja unahesabiwa mara tatu

Hapa unahitaji kujua ni kusawazisha kupi kulikoruhusiwa. Bila hofu unaweza kushusha itifaki na kikoa kuwa herufi ndogo, kupandisha heksadesimali (`%c3` na `%C3` ni kitu kimoja), kusimbua herufi huru zilizosimbwa bure kama `%7E`, kufuta `.` na `..` kwenye njia, kuondoa `:80` kwenye http na `:443` kwenye https, na kuweka `/` pale njia ilipo tupu.

Yanayobaki ni uamuzi wa tovuti yako, hakuna kiwango kinachokulinda. Kushusha herufi za njia, kuondoa mkwaju wa mwisho, kuunganisha `//`, kupanga vigezo kwa alfabeti, kuondoa `?` tupu: kila moja inaweza kugeuza anwani mbili tofauti kuwa moja. Usizifanye kwa anwani za watu wengine.

Pale ambapo anwani inakaguliwa na programu moja kisha kufunguliwa na nyingine, tofauti hizi zinakuwa tundu la usalama. Kwa `https://salama.example\@mbaya.example/`, kivinjari huigeuza `\` kuwa `/` na kwenda `salama.example`, kichanganuzi cha mtindo wa RFC kinaweza kusoma mwenyeji kuwa `mbaya.example`. Vivyo hivyo `http://0x7f.1/` kwa WHATWG ni `127.0.0.1`, na orodha ya kuzuia inayolinganisha maandishi haitaing'amua. Kataa `\` mlangoni, changanua mara moja, na kipeleke mbele kile kilichochanganuliwa badala ya maandishi ya awali.

Kwa majaribio ya kila mara, pitisha thamani hii moja kwenye kila tabaka la mfumo wako:

`a b+c&d=e/f?g#h%i'é`

Kwa usimbaji mkali inatakiwa kutoka hivi, na kurudi ilivyokuwa baada ya kusimbuliwa mara moja:

`a%20b%2Bc%26d%3De%2Ff%3Fg%23h%25i%27%C3%A9`

Kwa desturi ya fomu tofauti iwe mahali pamoja tu, `a+b` mwanzoni. Tabaka linalotoa kitu kingine ndilo la kufungua kwanza.